Bonyeza Ukae: Dhidi ya Laptopu Isiyo na Mpigaji

Ilikuwa Jumapili ya harambee, wilaya ya Kasulu, kanisa likitafuta fedha za kumalizia paa. Kwaya ya wageni imetoka mbali, sare mpya za kitenge, viatu vimepigwa rangi mpaka vinang'aa. Mbele yao kuna meza, juu ya meza kuna laptopu, nyuma ya laptopu amekaa kijana wa miaka kama ishirini hivi. Akabonyeza. Muziki ukafumuka, gitaa, besi, dramu, tarumbeta, kila kitu. Kwaya ikaanza kucheza. Mama mmoja aliyekaa benchi la pili akasimama, ameshika noti ya elfu mbili, akaanza safari ya kwenda kutunza.

Umeme ukakatika.

Spika zikanyamaza, maiki zikafa. Waimbaji wakatazamana. Wawili watatu waliendelea kutikisa mabega kimyakimya kama watu wanaocheza ndotoni. Nje, wazee wa kanisa wakakimbilia jenereta, ikavutwa kamba mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Ikawaka. Na hapo ndipo aibu yenyewe ilipoingia, maana laptopu ina betri yake. Haikujua kwamba umeme umekatika. Muda wote ule ilikuwa inaendelea na wimbo peke yake. Spika zilipofufuka, wimbo ulikuwa umeshafika ubeti wa tatu, na sauti za kwaya ile ile zilikuwa zinasikika vizuri kabisa, soprano, alto, teno, besi, huku wenye sauti wamesimama mbele yetu vinywa vimefungwa.

Watoto ndio waliocheka kwanza. Watu wazima tukatazama chini. Yule mama akaikunja noti yake, akairudisha kwenye pindo la khanga, akaenda kukaa.

Sitaitaja kwaya ile wala kanisa lile. Hawakuwa wa kwanza wala hawatakuwa wa mwisho. Nimeikumbuka siku ile kwa sababu hivi karibuni mwalimu wa kwaya mmoja wa Kibondo alinipigia simu. "Mdogo wangu," akasema, "wewe umesoma na unakaa na hawa watu wa mitambo. Tumeuza maharage ya shamba la kwaya, tumechanga na cha mifukoni. Kinanda chetu kimezeeka. Vijana wanasema siku hizi hakuna tena kinanda, ni laptopu tu. Tununue laptopu ipi?"

Nilimwambia nitamjibu. Jibu limekuwa refu, na sehemu yake kubwa si ya kumjibu yeye, ni ya kugombana na watu wa pande mbili ambao wamemfanya aulize swali hilo jinsi alivyouliza.

Upande wa kwanza ni wa wazee wanaosema kompyuta imeua muziki. Hawa nawaheshimu, lakini hoja yao haina miguu. Kile kinanda cha Yamaha kilichofunikwa kitambaa cha kufuma pale karibu na madhabahu ni kompyuta pia, tena ya siku nyingi. Mwaka 1983 Yamaha walipotoa DX7, sauti yake ilikuwa ni hesabu tupu inayopigwa na vipande vya elektroniki vilivyomo ndani. Mwaka huo huo ndio viwanda vilivyokubaliana juu ya MIDI, lugha ambayo kinanda hutumia kuiambia mashine nyingine kwamba kitufe fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani, sasa kimeachiwa. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ikaleta VST, mpango unaowezesha kinanda kizima kuwa programu ndani ya kompyuta. Tofauti ya kinanda cha kanisani na laptopu ni umbo la boksi. Na tukiwa wakweli, udanganyifu haukuanza na laptopu. Ulianza na kile kitufe cha staili: unachagua rumba, unashika kodi moja kwa mkono wa kushoto, na bendi nzima ya kiwandani inakupigia. Wangapi tuliwaita wapiga vinanda hodari kumbe walikuwa wapiga kodi tatu?

Tena malalamiko haya tumeshayasikia. Miaka ya 1990, vikundi vya taarabu ya kisasa kama East African Melody na TOT vilipoweka vinanda vya umeme mbele na kupunguza fidla na qanun, wako waliosema taarabu imezikwa. Haikuzikwa. Ilibadilika, wengine hawakuipenda, lakini kwenye kumbi mpiga kinanda aliendelea kumfuata mwimbaji. Mwimbaji akiurudia mstari kwa sababu kuna bibi kasimama na noti mkononi, kinanda kilirudi naye.

Upande wa pili ni wa vijana wa mjini, na hawa ndio wenye makosa makubwa zaidi kwa sababu wanauza makosa yao kama maendeleo. Wanakuambia kinanda kimepitwa. Wanakuja na laptopu iliyojaa programu za kukraki, ndani yake FL Studio, programu nzuri sana ya kutengenezea biti, na wimbo uliokwisha kutengenezwa studio pamoja na sauti za waimbaji. Jukwaani wanafanya kazi moja tu: bonyeza, ukae. Wanaiita "kupiga laivu". Ukiuliza kwa nini, unaambiwa hata mastaa wa Dar wanafanya hivyo. Kweli wanafanya, na pleibeki ni ugonjwa wa nchi nzima. Lakini tangu lini ugonjwa wa Dar ukawa dawa ya Kibondo?

Mimi kipimo changu ni kimoja. Toa mikono ya mpigaji kwenye mtambo. Muziki ukisimama, hicho ni chombo cha muziki, hata kama ni laptopu. Muziki ukiendelea, hiyo ni redio, hata kama ina umbo la kinanda.

Kipimo hiki hakiibagui kompyuta. Tazama singeli. Huu ni muziki uliozaliwa uswahilini Dar es Salaam, kwa kompyuta za bei poa, na umefika majukwaa ya Ulaya. Mkusanyo wa Sounds of Sisso wa mwaka 2017, uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ndio uliowafungulia wengi wa nje mlango. Miaka saba baadaye, 2024, Sisso na Maiko wakatoa Singeli Ya Maajabu, na Maiko pale ni mpiga kinanda. Sikiliza vile vinanda vinavyokimbizana na biti isiyo na huruma, halafu uje uniambie kompyuta haina mikono. Watu hawa hawakusubiri mtambo wa bei mbaya. Walichukua walichonacho, wakakipiga.

Kwa hiyo swali si laptopu au kinanda. Swali ni kwamba, mwalimu, unanunua chombo au unanunua redio? Ukishalijibu hilo, yanayobaki ni ya kiufundi, na ya kiufundi yanajibika. Tatizo ni kwamba wauzaji wanakuanzishia kwenye ya kiufundi ili la kwanza usilifikie.

Haya, tuseme unanunua chombo. Kuna jambo ambalo hutaliona dukani, nalo ni kuchelewa kwa sauti. Unabonyeza kitufe, kompyuta inakusanya vipande vidogo vya sauti kwenye kapu, kapu likijaa ndipo inamwaga kwenye spika. Kapu hilo ndilo wanaloita bafa. Ukiliweka vipande 128, kwa kasi ya kawaida ya vipande 44,100 kwa sekunde, unachelewa karibu milisekunde 3. Ukiliweka 1,024, unachelewa milisekunde 23. Namba inaonekana ndogo, lakini sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 23 ni sawa na kupiga kinanda ambacho spika yake iko mita 8 kutoka ulipo. Wewe uko madhabahuni, sauti yako inatokea mlangoni. Mpiga dramu anakusubiri, wewe unamsubiri yeye, na wimbo unazidi kuwa mzito kama mtu anayepanda kilima na gunia kichwani. Halafu watu wanasema, "Huyu kijana hajui kupiga."

Ndiyo maana laptopu ya dukani ikiunganishwa kwa tundu la heedifoni mara nyingi haitoshi. Inahitaji kadi ndogo ya sauti ya nje, ya USB, na draiva yake halali ya ASIO kama ni Windows, ili bafa ishuke bila sauti kukwaruza. Spika ya Bluetooth usiiguse kabisa kwa kazi hii, kwani uchelewaji wake mara nyingi unazidi milisekunde 100. Na programu iwe ya kupigia jukwaani: MainStage kwa wenye kompyuta za Apple, Cantabile kwa Windows, Ableton Live kwa zote mbili. Siyo lazima zote. Moja, uijue kama unavyoijua njia ya kwenda nyumbani. Laptopu ya jukwaani haipakuliwi filamu, haipewi watoto, haiunganishwi intaneti siku ya ibada. Nimeona kwa macho yangu kompyuta ikianza kujiapdeti katikati ya wimbo wa bi harusi kuingia. Bi harusi alisimama mlangoni, asilimia zikihesabiwa ukutani kwenye projekta.

Na programu za kukraki ndizo zinazoanguka siku ambayo hutaki zianguke. Sisemi haya kwa ajili ya sheria tu. Nasema kwa sababu programu ya wizi haina wa kumuuliza ikigoma, na kwaya inayoimba "usiibe" inatakiwa iwe na aibu kidogo.

Sasa tufike kwenye umeme, na hapa ndipo watu wa Dar wanapotupoteza zaidi, kwa sababu wanatushauri kama vile tunaishi Kinondoni. Mpaka mwanzoni mwa muongo huu, Kasulu na Kibondo zilikuwa zikiendeshwa na mashine za dizeli. Gridi ya taifa imetufikia juzijuzi tu, na vijiji vingi ambako kwaya zinaalikwa bado vinategemea sola na jenereta ya kukodi. Laptopu iliyochoka ina betri ya saa moja, pengine nusu. Ikichajiwa inakula wati 50 hivi. Kinanda kidogo cha familia ya PSR-E kinakula kiasi kidogo sana cha hapo, kina spika zake chenyewe, na kinakubali betri sita za dukani, zile zile tunazotilia tochi na redio. Umeme ukikatika katikati ya ubeti, mpigaji anaweza kuendelea na watu wa mabenchi ya mbele wakasikia, kwaya ikaimba kwa mapafu yake kama Mungu alivyokusudia. Siku ile ya harambee, kinanda cha namna hiyo kingeokoa heshima ya kwaya nzima.

Najua nitakachoulizwa. Kama kinanda kidogo kinatosha, laptopu ya nini basi? Kwa nini usiungane na wazee ukamaliza?

Hapana. Ipo sababu moja kubwa ya kuitaka kompyuta jukwaani huku kwetu, na ndiyo sababu ambayo sijamsikia kijana yeyote wa mjini akiitaja. Kinanda cha kiwandani kinakuja na sauti mia kadhaa. Ina piano, ina ogani, ina fidla za Ulaya, ina sitar ya India. Tafuta inanga. Huioni. Chombo ambacho Buha tunacho, na jirani zetu wa Burundi na Rwanda wanacho, ubao mrefu uliochongwa kama sinia, uzi mmoja umepitishwa kwenda na kurudi juu yake mpaka ukawa nyuzi kadhaa, hakimo. Na hata ukijifanya unaiigiza kwa sauti ya gitaa, utakosea, kwa sababu kinanda kimegawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawasawa, na mzee wa inanga hakutega nyuzi zake kwa rula hiyo. Katega kwa sikio, kwa sauti yake mwenyewe, kwa jinsi alivyorithi.

Laptopu inaweza kukifanya kile ambacho kinanda cha kiwandani hakiwezi. Nenda kwa mzee na kinasa sauti kidogo. Mwombe apige uzi mmoja mmoja, polepole, kwa nguvu, kwa upole. Ingiza sauti hizo kwenye programu ya kuchezea sampuli. Ziko za bure, DecentSampler ni mojawapo. Panga kila uzi kwenye kitufe chake, na usiunyooshe ufanane na piano. Uache ulivyotegwa. Wiki mbili baadaye mpiga kinanda wa kwaya anaweza kushika sauti ya kilima chake mwenyewe katikati ya wimbo wa Pasaka. Hapo nitavua kofia. Hapo kompyuta imeleta kitu ambacho hakikuwepo.

Ila, jamani, mzee akiwa hai na ana nguvu, kwanza mwiteni yeye. Mpeni nauli, mpeni kiti, mpeni maiki. Sampuli ni ya siku ambazo hawezi kuja, na jina lake litajwe, na akipata chochote kwaya inapopata, hilo ni deni siyo sadaka. Kama tunalaumu kijana anayebonyeza na kukaa, hatuwezi sisi tukamnasa mzee tukamwacha nyumbani.

Kwa hiyo kwaya inayonunua laptopu ili ipate piano ya Marekani na tarumbeta za Kinshasa imenunua kwa hasara, maana hizo kinanda kinazo tayari. Inayonunua ili ipate inanga yake, ngoma zake, vigelegele vya mama zake, na kuvipiga kwa mikono, imenunua kitu.

Wako watakaosema ninadai mengi kwa kwaya za vijijini, kwamba pleibeki ni rahisi na watu wanafurahi. Je, wanafurahi? Yule mama wa benchi la pili alikuwa na furaha mpaka alipogundua kwamba hakuna mtu wa kumtunza. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na kutunza kwetu si kutoa hela tu. Ni mazungumzo. Mimi nimekuja mbele, wewe umeniona, umeurudia mstari kwa ajili yangu, nimekuacha na noti kwenye paji la uso, na wote wameona kwamba tumeonana. Wimbo wa pleibeki una dakika nne na sekunde kumi. Mama aje asije, utaisha dakika ya nne na sekunde ya kumi. Hauna habari naye.

Na kuna kinachopotea polepole ambacho hakionekani kwenye hesabu za mweka hazina. Kila kwaya inayohamia kwenye kubonyeza, kunakuwa na kijana mmoja ambaye hatajifunza kinanda. Huyo ndiye angefundisha wengine watatu. Huku kwetu hakuna chuo cha muziki kila kona. Chuo ni kwaya. Kambini Nyarugusu, ambako watu wa Kongo wamekuwepo tangu 1996, nimeona gitaa lenye nyuzi nne badala ya sita likifundisha vijana watano kwa zamu. Hawana cha kubonyeza, kwa hiyo wanapiga. Sisemi ufukara ni mwalimu mzuri. Nasema mikono hujifunza pale tu inapopewa kazi.

Basi, nilimpigia mwalimu wa Kibondo. Nikamwambia: msiuze kinanda cha zamani. Kipelekeni kwa fundi kwanza, mara nyingi ni vumbi la barabara na mpira wa vitufe uliochoka. Mkinunua kipya, chukueni chenye sauti zake chenyewe, spika zake, sehemu ya betri, na tundu la USB la kuunganisha na kompyuta. Msinunue ile mifupa ya vitufe isiyo na sauti ndani, hata kama ni rahisi na inapendeza, kwa sababu laptopu ikizima na yenyewe inakuwa ubao. Laptopu iwe ya mkono wa pili, yenye betri nzima na kumbukumbu ya kutosha, na kadi ndogo ya sauti. Iungwe kwa waya na kinanda. Laptopu ikiwa hai, kinanda kinapiga inanga. Laptopu ikifa, kinanda kinarudi kwenye sauti zake na wimbo unaendelea. Na kabla ya kuipeleka kanisani, zimeni umeme kwa makusudi siku ya mazoezi, katikati ya wimbo, mara tatu. Mkimaliza wimbo mara zote tatu, mko tayari.

Akanyamaza kidogo. Nikasikia kalamu ikiandika.

"Na yule kijana wetu wa kubonyeza," akauliza, "tumfanyeje? Amejitolea sana, mdogo wangu. Siwezi kumfukuza."

"Usimfukuze, mwalimu. Mfundishe kinanda."

"Ana vidole vizito."

"Mazoezi yenu ni lini?"

"Jumatano na Jumamosi."

"Basi awahi saa moja kabla ya wenzake. Zote mbili."